Njia Bila Mshale

Beni, 14 Januari 2024

Faida mwanangu,

Assalam aleikum. Natumaini karatasi hii itakukuta mzima, na kile kikohozi cha baridi ya Butembo kimekuachia. Huku tuko salama. Mama yako Kavira anakusalimu, kaka yako Jumaine pia. Mvua inanyesha ovyo na maharage ya mama yako yanaoza shambani, donc basi usimuulize habari za maharage ukimpigia simu.

Unaona mwandiko wangu umeanza kunyooka. Yule mtu wa mazoezi hospitalini alisema niandike ili mkono wa kuume ukumbuke kazi yake, na wewe ukasema hutapokea simu yangu mpaka nimeandika. Mna roho ngumu wote wawili. Tangu presha inipige kichwani mwaka jana, kila mtu amekuwa bwana mkubwa wangu.

Ile mashine ya michezo uliyompa Jumaine aniletee ilifika. Nilidhani ni ya watoto, nikaiacha chini ya meza. Mais lakini siku ni ndefu, Faida. Mama yako anafunga geti kwa kufuli tangu ile Ijumaa niliyotoka kwenda kuswali nikakutwa Boikene, nimeketi kwenye mashine ya kusaga unga, upande mwingine kabisa wa mji. Miguu inatembea. Maneno yamerudi. Watu wote nawatambua kwa majina na majina ya baba zao. Njia tu ndizo zimenitoroka, mimi niliyeendesha kutoka Kasindi hadi Kisangani wakati barabara ilikuwa matope matupu. Fuso yangu anaiendesha Jumaine, na kila akirudi mama yako anachukua ufunguo na kuuweka ndani ya sanduku lake, chini ya vitenge.

Kwa hiyo nimecheza, na nakupa habari kwamba nimemaliza. Yule mpanda farasi wa mchezo amepeleka mzigo wake kutoka kijiji cha wavuvi hadi ngome ya kaskazini, na hatukupotea hata mara moja. Nchi nzima nimeivuka. Sasa mwambie mama yako anirudishie ufunguo wangu. Wewe anakusikia.

Papa yako,
Moustapha


Butembo, 20 Januari 2024

Papa,

Aleikum salaam. Nimefurahi kuona mwandiko wako umeacha kupanda mlima kila ukifika mwisho wa mstari. Kikohozi kimekwisha. Mama Berthe, mwenye parcelle, yaani ua wa nyumba ninamokaa hapa Rughenda, ananichemshia tangawizi utafikiri amenizaa yeye. Kazi ni ileile: asubuhi masomo ya informatique, ya kompyuta, baada ya hapo niko kwenye salle, ukumbi wa michezo ya kulipia, natengeneza manette, vile vishikio vya kuchezea ambavyo vijana wanavipiga chini wakishindwa.

Hongera kwa kufika ngome. Sasa nijibu bila kugusa mashine. Ukivuka daraja la mawe baada ya kijiji cha wavuvi, kushoto kuna nini? Ukiingia msituni, mto uko upande gani wako? Ile ngome yenyewe, unaiingia kwa kupanda au kwa kushuka?

Najua hujui, na siyo kwa sababu ya ugonjwa. Hata vijana wa hapa hawajui. Juu ya skrini kuna mshale wa njano unaokuonyesha pa kwenda, na pembeni kuna kiramani cha duara chenye nukta. Macho yako yalikuwa kwenye mshale, nchi yenyewe hukuiona. Ulivutwa kama mbuzi kwa kamba, unisamehe kusema hivyo, na mbuzi akifika sokoni hawezi kujisifu kwamba anaijua njia.

Mwambie Jumaine akuonyeshe mahali pa kuuzima mshale. Kiramani nacho kizimwe, na ile mistari inayong'aa barabarani. Kisha anza upya. Ukifika ngome kwa macho yako tu, bila Jumaine kukunong'oneza, mimi mwenyewe nitamwambia mama akurudishie ufunguo wa Fuso. Naahidi.

Mtoto wako,
Faida


Beni, 2 Februari 2024

Faida,

Mbuzi wako anakusalimu. Tuko wazima, alhamdulillahi, isipokuwa mama yako ana jino linalomsumbua na hataki kwenda kuling'oa, anasema karafuu inatosha. Masomo yanaendaje? Unakula? Jumaine anasema umekonda.

Nimezima kila kitu ulichosema. Faida, ile nchi ni kubwa. Mara ya kwanza nilitoka kijiji cha wavuvi, ambacho nimekiita Kyavinyonge kwa sababu ya mitumbwi na samaki wanaokaushwa, nikaenda, nikaenda, nikaingia kijiji kizuri chenye mitumbwi na samaki wanaokaushwa. Jumaine alicheka mpaka akatoka nje. Nilimwambia acheke vizuri, mwenye gari bado ni mimi.

Kisha nikapata akili. Kule mbali kuna mlima wenye theluji. Nikasema, haya, Ruwenzori ile pale, Mungu hajanitupa. Mtoto gani wa Beni hajui kwamba jua linatoka upande wa Ruwenzori? Nikaweka mlima mkono wangu wa kuume ili nielekee kaskazini, nikatembea bila kugeuka. Hakuna ngome. Nilifika kwenye mchanga mtupu, farasi akafa kwa kiu, na mimi nikamfuata.

Jambo lingine, farasi wananipotea. Kila kijiji kina askari langoni. Nashuka, navuka kwa mguu kama inavyotakiwa, nikigeuka farasi hayupo tena. Jumaine akaniuliza, "Papa, mbona unashukaka?" Nikamjibu, "Kwa barrière mutu anashuka. Unataka banipige masasi?" Akasema, "Papa, bale ni ba-askari ba mashini tu." Sawa, ni wa mashine, lakini bunduki zao nimeziona.

Nikuambie na hili, usimwambie mama yako. Asubuhi moja nilitoka chumbani nikasimama uani, na sikujua kama geti liko mbele ya nyumba au nyuma. Nyumba niliyoijenga mwenyewe. Niliogopa, Faida. Nilijifanya natazama mawingu mpaka Jumaine alipopita, nikamfuata.

Ufunguo naufikiria kila siku. Chauffeur asiye na ufunguo ni mzee tu aliyekaa kwenye kiti.

Papa yako,
Moustapha


Butembo, 10 Februari 2024

Papa mpenzi,

Natumaini jino la mama limetulia. Mimi nakula. Jumaine anamwona kila mtu amekonda kwa sababu yeye mwenyewe ananenepa kwenye kiti chako.

Barua yako niliisomea salle, nikacheka peke yangu mpaka wateja wakageuka. Papa, nani alikuambia kwamba ile ni Ruwenzori? Katika nchi ile mlima wa theluji uko upande jua linapozama. Ulipouweka kuume ukawa unashuka kusini kila siku. Usione haya, mimi pia nilipoanza nilifanya kosa lilelile, nikahangaika sana. Vijana wa Butembo hawalifanyi. Wao wamezaliwa katikati ya vilima, kila upande ni kilima, hakuna wanachokiamini. Ni sisi wa Beni tu tunaozaliwa na mlima mmoja ndani ya kichwa. Kwanza tazama jua la mchezo linatokea wapi, kisha ndipo uupe mlima mahali pake.

Kuhusu askari, usishuke. Pita tu. Hawaombi kitu chochote. Ni askari wa kwanza ninaowajua wa namna hiyo.

Na ile habari ya geti, sikucheka hapo. Sitamwambia mama, lakini wewe mwambie. Akijua atakusaidia, akikukuta umesimama uani siku nyingine ataogopa zaidi. Wahenga walisema kupotea njia ndiyo kujua njia. Potea humo ndani ya mashine, Papa, potea sana, ambamo hakuna gari litakalokugonga.

Mtoto wako,
Faida


Beni, 3 Machi 2024

Faida,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Jino limeng'olewa hatimaye na mama yako amelihifadhi kwenye karatasi, sijui analisubiri lifanye nini. Ramadhani inakaribia. Utakuja Idi?

Wahenga wako waliosema kupotea ni kujua, hakika hawakupotea Boikene juani. Mais nimekusikia. Nimeuhamisha mlima. Haikuwa rahisi, kila nikiuona moyo unaniambia mashariki, kichwa kinasema hapana, magharibi, na mkono unasubiri wakubaliane.

Kisha nikakumbuka kitu. Kabla ya kuwa chauffeur nilikuwa convoyeur, unajua, kijana wa kukaa juu ya mizigo. Juu ya mizigo mtu anakaa akitazama nyuma, kuzuia wezi wasipande. Miaka yote ile barabara nilijifunza kwa mgongo. Mti niliuona baada ya gari kuupita, siyo kabla. Nilipokuja kushika usukani, njia za kurudi nilizijua kuliko za kwenda, na wenzangu walinishangaa. Basi sasa kwenye mchezo nafanya hivyo. Kila njia panda nasimama. Nageuza farasi, natazama nilikotoka, nasema kwa sauti ninachokiona: jiwe lililopasuka, moshi wa mafundi chuma, mto uko kushoto. Halafu nageuka tena na kwenda. Nikipotea, narudi mpaka kitu nilichokitaja.

Nimevuka daraja la mawe. Kushoto kuna kinu kilichoungua. Umeuliza, nimejibu. Sasa niko msituni, ambapo nimepaita Kasugho kwa unyevu wake, na humo jua halionekani vizuri, donc naenda polepole.

Nilimwambia mama yako ile habari ya geti. Alilia kidogo, kisha akaniuliza, "Sasa unataka nini?" Nikamwambia, "Nataka kwenda muskitini. Wewe unikuye nyuma, mais usiseme kitu." Amekubali. Ijumaa tulitoka. Mimi mbele, yeye nyuma na mwavuli, kama askari na mfungwa wake. Kwenye kona ya muuza makaa niligeuka nikatazama nyuma, nikasema nilichokiona, watu wakafikiri nasali. Nilikosea mara moja. Nilimsikia anakohoa nyuma yangu, nikamwambia kukohoa ni kusema pia. Nilifika.

Papa yako,
Moustapha


Butembo, 9 Machi 2024

Papa,

Nimeisoma barua yako mara nyingi, nikamsomea na Mama Berthe, ambaye ni Mkatoliki wa kila misa lakini amesema atakuombea ufike kwenye hiyo ngome. Anadhani ni mahali pa kweli karibu na Mambasa. Sikumsahihisha.

Sikujua habari ya kukaa juu ya mizigo ukitazama nyuma. Mbona hukuwahi kutuambia?

Idi sitaweza kuja, mitihani imewekwa wiki ileile. Nisamehe, mwombe mama naye anisamehe. Ramadhani njema kwenu. Daktari akikuambia usifunge, usifunge, usijifanye kijana.

Msitu usiuharakishe. Mwenda pole hajikwai.

Mtoto wako,
Faida


Beni, 20 Aprili 2024

Faida mwanangu,

Idi imepita salama, tulikukosa. Mama yako alipika pilau ya watu wengi kana kwamba ungetokea mlangoni, tukaila mpaka tukaichoka. Afya yangu nzuri, presha imeshuka, hata daktari ameandika hivyo.

Nimefika.

Nilitoka msituni wiki iliyopita. Nikafuata mto mpaka unapogawanyika, nikakosea, nikarudi kwenye mti uliolala, nikashika mkono mwingine wa mto. Theluji nikaiweka kushoto. Juzi mchana, baada ya swala ya adhuhuri, nilipanda mteremko wa mawe meupe na ngome ikatokea. Unaiingia kwa kushuka, Faida, si kwa kupanda. Unaifikia kwa juu kisha unateremka mpaka langoni. Jumaine ni shahidi. Alikuwa ameketi nyuma yangu, na tangu msituni hakusema neno. Nilipoingia lango alisimama, akanishika bega, akatoka.

Mama yako hakuelewa kilichotokea kwenye tele, mais aliona uso wangu akaenda kuchemsha chai.

Nimetimiza upande wangu. Sasa ni zamu yako. Sitaki kumwomba mama yako mimi mwenyewe, mume haombi ufunguo wa gari lake. Wewe ulisema utasema. Sema.

Papa yako,
Moustapha


Beni, 5 Mei 2024

Faida,

Salamu. Tuko wazima. Jumaine ameshuka Butembo mara mbili na kurudi mikono mitupu, anasema ulimwambia huna nafasi ya kuandika. Kuandika jina lako tu chini ya karatasi hakuhitaji nafasi.

Kama ahadi ilikuwa ya kumnyamazisha mgonjwa, niambie, nitaelewa. Sitafurahi, ila nitaelewa.

Moustapha


Butembo, 19 Mei 2024

Papa,

Kwanza nakuomba radhi kwa kukaa kimya. Natumaini u mzima na hasira haijapandisha presha. Mimi si mgonjwa, mitihani nimepita. Kimya kilikuwa cha woga tu, na nitakueleza.

Nilipokuahidi, nilidhani hutafika. Nilitaka upate kazi ya kukufanya uamke asubuhi. Niliona wateja wangu, vijana wenye macho makali, wakizima mshale na kuurudisha kabla ya daraja la mawe. Nikasema Papa atacheza, atachoka, na habari ya ufunguo itajifia yenyewe. Kumbe wewe ulikuwa unacheza kwa moyo wote na mimi nimeahidi kwa mdomo tu. Barua yako ya Aprili ilipofika nilifurahi mpaka nikaruka, kisha nikakaa chini, nikaanza kuogopa. Farasi akianguka kwenye mchezo unaanza tena. Fuso ina uzito wake, na barabara ina watoto wa shule.

Nilitafuta mlango wa kutokea. Nilitaka kusema mchezo si barabara, na ni kweli, lakini hilo nilipaswa kuliona kabla ya kuahidi. Halafu ukaandika barua ya pili bila kuweka "Papa yako" mwishoni. Niliitazama ile nafasi tupu siku nzima.

Jana nimempigia mama. Nimemwambia yote, kwamba niliahidi, kwamba umefika, kwamba namwomba akupe ufunguo. Kisha akasema, "Ni weye umesema, Faida. Siyo mie." Akasema atakupa leo.

Nakuomba kitu kimoja tu, Jumaine akae pembeni yako siku ya kwanza. Siyo amri, ni ombi. Sikuandika kwa sababu nilikuwa nakupenda na kukuogopea, vyote kwa pamoja, na sikujua kipi kitangulie.

Mtoto wako,
Faida


Beni, 2 Juni 2024

Faida mwanangu,

Assalam aleikum. Hongera kwa mitihani, hata mama yako amewatangazia majirani wote, na wale ambao hawakuuliza wametangaziwa pia. Sisi tuko wazima. Hasira ilipita siku ileile nilipopata barua yako. Unisamehe kwa kuacha kuweka "Papa yako". Nilijua inauma, ndiyo maana niliiacha.

Mama yako alinipa ufunguo asubuhi, mbele ya chai. Ulikuwa unanukia vitenge vyake. Nilikaa nao mkononi siku kadhaa, nikilala nao chini ya mto. Jumatano nikamwambia Jumaine twende, tuna magunia ya saruji ya kupeleka Mutwanga. Nilipanda upande wangu. Faida, mguu ulijua, mkono ulijua. Gia ziliingia kama siku zote. Nilitoka getini nikiwa mimi.

Tulifika kwenye rond-point, ule mzunguko wa barabara. Pale, nikasimama.

Nilisimama kwa sababu ndivyo ninavyojua njia siku hizi. Nasimama, natazama nyuma, nasema ninachokiona, kisha naenda. Kwenye mchezo farasi ananingojea. Kwa mguu, mama yako ananingojea na mwavuli. Pale rond-point, nyuma yangu kulikuwa na gari la mbao na pikipiki zisizohesabika, wote wanapiga honi. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alisimama ukingoni, ananitazama machoni, anataka kujua kama napita au yeye ndiye apite. Na mimi sikujua kama njia ya Mutwanga iko kulia au kushoto. Barabara niliyoiendesha kabla yule mama hajazaliwa. Kama ningepewa muda ningeijua, nina hakika. Barabara haitoi muda.

Jumaine hakusema kitu. Angeweza kusema "kulia, Papa" na ningekata kulia, na kesho vilevile, na keshokutwa. Angekuwa mshale wangu. Alinyamaza, na kwa hilo namshukuru kuliko kwa yote aliyonifanyia.

Nikazima gari. Nikashuka, nikazunguka kwa mbele watu wote wakiniona, nikafungua mlango wa upande wake, nikamwambia, "Endesha weye." Akasema, "Papa, tunaweza kujaribu tena kesho." Nikasema, "Hapana. Ni yako." Nilipanda pembeni. Tulikwenda Mutwanga na kurudi, na njiani nililia, siyo kidogo. Alitazama mbele tu. Mama yako tulipofika nilimwambia asiuchukue tena ule ufunguo, ni wa Jumaine, akae nao mwenyewe kama mwanaume.

Wewe ulitimiza ahadi. Hilo ndilo nililotaka kukuandikia, mengine ni maelezo. Ungeweza kukataa na ningekulaumu milele, nikifa ningekufa nikiamini kwamba ningeweza. Sasa najua ninachoweza na nisichoweza, na nimekijua mwenyewe.

Ninachoweza ni hiki. Muskitini naenda peke yangu sasa, mama yako amebaki na mwavuli wake nyumbani. Jumamosi Jumaine anashusha mzigo Butembo, nitakuja naye, nikiwa abiria. Nitashuka sokoni na kupanda mpaka kwako Rughenda kwa mguu. Nimeshakuja huko zamani. Usije kunichukua. Usimtume mtu. Nikichelewa, nimechelewa.

Papa yako,
Moustapha


Butembo, 12 Juni 2024

Papa mpenzi,

Natumaini mmefika salama na mama amevipenda vile viazi nilivyomtumia. Mama Berthe anakusalimu, anasema nyumba imekuwa kimya tangu uondoke, na anataka kujua ngome ya Mambasa inalindwa na nani siku hizi. Mimi niko mzima.

Nakuandikia jambo ambalo sikulisema ulipokuwa hapa, kwa sababu mbele ya uso wako nisingeweza.

Jumamosi sikuja kukuchukua. Nilitii. Lakini geti la Mama Berthe liko juu, na kutoka pale mtu anaona njia panda iliyo chini, pale kwenye wauza ndizi. Nilisimama getini tangu asubuhi. Jumaine alipiga simu kwamba amekushusha sokoni. Baada ya hapo, hakuna kitu. Nilifagia mbele ya geti palipokuwa safi. Nilianza kuhesabu watu wenye kofia, nikaacha. Mama Berthe alitoka mara mbili akaniuliza, "Bado?" Nikasema bado. Mara ya pili alirudi ndani akachukua rozari.

Kisha nikakuona. Ulifika njia panda ukasimama. Nilijua unafanya nini, kwa hiyo nilijiambia mwache. Pikipiki zilikupita huku na huku. Ukatazama nyuma. Ukatazama huku juu, nikafikiri umeniona, lakini hukuniona. Halafu ukashika njia ya kulia, ambayo siyo.

Papa, ile njia inateremka mpaka mtoni. Nilikuona mgongo unakwenda, lile koti lako la kahawia, kisha ukapotea nyuma ya nyumba ya mabati. Niliachia ufagio. Mguu mmoja ulikuwa nje ya geti. Simu ilikuwa mkononi, jina la Jumaine liko kwenye skrini. Mama Berthe nyuma yangu akasema, "Kimbia, mwanangu, atapotea." Nilishika nguzo ya geti kwa mikono miwili, nikabaki. Sijawahi kufanya kitu kigumu kama kile, na nilikuwa sifanyi chochote.

Sijui ulikaa muda gani huko chini. Kwangu ulikuwa mrefu. Halafu koti la kahawia likatokea tena nyuma ya mabati, linapanda, polepole, bila haraka yoyote. Ukafika njia panda, ukasimama tena kidogo tu, ukashika ya kushoto.

Niliingia ndani mbio ili usinikute mlangoni. Ulipobisha nilikuwa nimeketi na kitabu, sijui hata kama kilikuwa kimegeuzwa. Ulisema, "Kuko chai?" kama mtu aliyetoka nyumba ya pili. Nikasema kuko. Ndiyo maana nilimwaga nusu kwenye sahani, na wewe ukanitania kwamba informatique inaharibu mikono ya wanawake.

Ulipokuwa unanawa, Jumaine alipiga simu. Sauti yake ilikuwa ndogo. Akauliza, "Ulimukuta wapi?"

Nikamwambia, "Sikumukuta. Alikuya ye mwenyewe."

Mtoto wako,
Faida